Wana Arusha na Moshi: nani anaweza kuja gereji kunifundisha kabla ya kuniandikia faini?

Spana 14

Wakuu salaam.

Nina gereji ndogo Unga Ltd, mwaka wa tisa sasa. Vijana sita, shimo moja la kuingilia chini ya gari, na uani tunaosha magari. Wateja wangu wengi ni madereva wa utalii. Gari linarudi kutoka Serengeti limejaa tope mpaka kwenye spea taya, linaoshwa, linabadilishwa oili, kesho alfajiri linabeba wageni tena. Julai mpaka Septemba huwa tunalala saa saba usiku.

Mwezi uliopita walikuja maafisa wawili. Ofisi siitaji, sijaja hapa kumchafua mtu. Wakakuta maji ya mtaro wangu yana zile rangi za upinde wa mvua, mnazijua. Sikatai, kosa ni langu. Wakapiga picha, wakauliza kibali hiki na kile, wakaniandikia faini ya kama mauzo ya wiki tatu. Nikalipa. Kilichoniuma ni hiki: nilimuuliza yule mkubwa wao, "Mheshimiwa, nimekosa. Sasa nifanyeje ili mkirudi mkute pako sawa?" Akaniambia tafuta mtaalamu. Nikamuuliza mtaalamu yupo wapi. Akasema hiyo si kazi yake, akapanda gari.

Nimetafuta. Wa kwanza alinitajia bei inayozidi kompresa yangu na majeki yote ukijumlisha. Wa pili alitaka kuniandikia ripoti. Ripoti nitaifanyia nini? Nataka mtu avae mabuti, asimame pale mtaroni aniambie chimba hapa, ziba pale, hiki acha kabisa kukifanya.

Je, mtu wa namna hiyo yupo Arusha, au hata Moshi? Ngoja wajuzi waje.

Chalii wa Ngarenaro

Siti ya mbele. Oya Mkuu hapo kwenye ripoti umeniua 😂 Jirani yangu anayepiga rangi magari aliandikiwa moja nene kama Biblia, mpaka leo anafunikia ndoo ya thina.

Mchicha Lemara

Samahani Mkuu, ila nimesoma uzi wako nikacheka kwa uchungu. Mimi nalima mchicha na figiri kando ya mto Themi, huku chini. Maji yanayotoka kwako Jumatatu, Jumanne nayachota mimi. Keni yangu ya kumwagilia ina mstari mweusi kwa ndani, kila wiki naukwangua kwa mchanga na kila wiki unarudi. Mboga hizo zinapelekwa Kilombero sokoni, na inawezekana kabisa mkeo anazinunua.

Miaka tisa! Leo ndio unataka ufundishwe kwamba oili haimwagwi mtoni?

Na msidhani yanaishia kwangu. Themi inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Hao perege mnaokula Moshi mnafikiri wanaogelea kwenye maji ya wapi?

Spana 14

Mchicha, sina cha kujitetea mbele yako. Ila nieleweke kitu kimoja. Oili ya kubadilisha simwagi, nani amwage hela? Inaingia kwenye pipa, inauzwa. Kinachoingia mtaroni ni yale matone ya sakafuni, maji ya kuoshea injini, petroli tuliyosugulia vipuri. Hivyo nilikuwa naona ni uchafu wa kawaida wa kazi. Kila jioni kijana anapiga sabuni ya unga na mpira wa maji, sakafu inang'aa, tunafunga. Mimi hapo nilikuwa najiona msafi.

Fundi Bomba Mstaafu

Huyo hajajitetea, amesema kweli. Wengi wanaochafua ni wale wanaopenda usafi wa sakafu.

Chalii wa Ngarenaro

Shikamoo Mzee. Shuka basi, usituache hewani.

Fundi Bomba Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kazi ya maji taka nimeifanya mpaka nimestaafu, sasa nafuga mbuzi Usa River. Spana, nakujibu bure, lakini kwa sharti: usianze kwa kujenga. Nyote mkisikia mazingira mnakimbilia saruji. Anza na ufagio.

Tone la oili likianguka chini ni kijiko kimoja. Ukilipiga maji linakuwa pipa zima la uchafu, na pipa hilo sasa linatafuta pa kwenda. Basi lisiguse maji. Mwagia vumbi la mbao, maseremala wanalitupa, watakupa. (Moshi tumieni pumba za mpunga, zimejaa huko.) Liache linyonye, fagia, tia kwenye pipa lenye mfuniko. Gari likifunguliwa chini, karai liwe limetangulia. Filta ya oili usiitupe ikiwa moto na imejaa; itoboe, igeuze juu ya pipa ichuruzike usiku kucha. Asubuhi utaona ulikuwa unatupa nini.

Vipuri: acheni petroli, mtachomeka. Chukua mafuta ya taa, karai mbili. Ya kwanza ya kusugulia, ya pili ya kusuuzia tu. Ya kwanza ikiwa nyeusi, mimina kwenye dumu, liache litulie siku mbili tatu. Tope linakaa chini, juu unapata mafuta ya kazi tena, yamimine taratibu. Ile karai ya pili ikianza kuchafuka inapanda cheo inakuwa ya kwanza. Gereji moja ilinionyesha hesabu zao baada ya kufanya hivi, walikuwa wananunua mafuta chini ya nusu ya zamani.

Ukishafanya hayo mwezi mzima, ndio tuzungumze chemba. Zinakuwa tatu kwa mstari, tofali na saruji, lipu laini. Ya kwanza inakamata mchanga na tope. Kutoka chemba moja kwenda nyingine maji yasipite juu kwa juu. Weka bomba lenye elbo (ile kona ya bomba) iliyotazama chini, mdomo wake uzame mpaka karibu na sakafu, uache kama shubiri moja. Oili ni nyepesi, inaelea, inabaki juu. Maji yanatoka kwa chini yake. Ukisahau elbo umejenga mtaro wenye mfuniko, basi. Nimeona za namna hiyo, zina hadi rangi na namba.

Maji ya bati yasiingie humo hata tone. Masika ya Aprili yakipiga, yatasukuma nje oili yote uliyokusanya tangu Januari, kwa robo saa.

Sasa sabuni. Fanya jaribio usiku huu. Chupa mbili za nusu lita, maji sawa, tia kila moja kijiko cha oili chafu. Moja ongeza sabuni ya unga. Tikisa zote, ziweke dirishani, kalale. Kisha uje hapa utuambie.

Spana 14

Nimefanya Mzee. Ile isiyo na sabuni oili imepanda juu yote, unaweza kuiengua kwa kijiko. Ya sabuni ni kama chai ya maziwa mpaka sasa saa tano asubuhi, haina juu wala chini.

Fundi Bomba Mstaafu

Ndio hiyo chai unayompelekea dada wa Lemara. Sabuni inaivunja oili vipande vidogo mno, haipandi tena, na chemba yako hata uijenge kwa marumaru itaipitisha. Kwa hiyo injini ifutwe kwanza kwa brashi kavu na kitambaa. Tope la mbugani litoke kwa maji matupu yenye nguvu. Sabuni ya bodi iwe kidogo, na eneo lake litengwe na la injini.

Lowell hadi Kibosho

Wakuu, mimi ni mtu wa Kibosho ila nilisoma Lowell, Massachusetts, na hii mada ilikuwa karibu sana na darasa langu.

Marekani walipitisha Sheria ya Kuzuia Uchafuzi mwaka 1990. Ndani yake kuna ngazi: kwanza taka isizaliwe; ikizaliwa, irudi kazini; isipowezekana, isafishwe; kuitupa ni mwisho wa yote. Mzee Bomba kayasema hayohayo kwa ufagio na karai. Mwaka huohuo, marekebisho ya sheria yao ya hewa safi yakalitaka kila jimbo liwe na programu ya kusaidia biashara ndogo kuifuata sheria.

Lakini Massachusetts walikuwa wametangulia, 1989. Kule, kiwanda chenye wafanyakazi 10 au zaidi kinachotumia kemikali za sumu kwa wingi kinatakiwa kuripoti, kulipa ada kila mwaka, na kuandika mpango wa kuzipunguza. Kuandika mpango ni lazima, kuutekeleza ni hiari. Mara ya kwanza nilidhani mwalimu anatania. Kumbe mwenye kiwanda akikaa chini akahesabu ananunua ngapi, ngapi inaingia kwenye bidhaa na ngapi inapotelea sakafuni, anaudhika mwenyewe. Hahitaji kusukumwa.

Ile ada ndiyo inayoendesha ofisi ya msaada wa kiufundi, na pale chuoni kuna taasisi inayofanya utafiti na mafunzo. Ukiwaita wa ile ofisi wanakuja bure, na kwa utaratibu wao wanachokiona kwako hawakipeleki kwa wanaotoza faini. Kuna madobi waliokuwa wakifua nguo za wateja kwa kemikali inayoitwa perki, ile yenye madhara, wakasaidiwa hatua kwa hatua mpaka wakahamia mashine za kufua kwa maji.

Kuhusu oili, EPA, mamlaka yao ya mazingira, husema oili ya gari moja tu iliyobadilishwa inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Na hapo wanafikiria vigari vya kawaida, si Landcruiser inayomeza karibu lita 10.

Chalii wa Ngarenaro

Kwa hiyo huko anayekusaidia na anayekukamata ni watu wawili tofauti? Huku kwetu ni mtu mmoja, kavaa koti moja, na mfukoni ana kitabu kimoja cha faini.

Afisa Kimya

Nasoma tangu juzi, nimeshindwa kuvumilia. Mimi ni afisa mazingira, halmashauri nimeiacha nyumbani.

Mnatuonea kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kila halmashauri iwe na afisa mazingira, na elimu kwa umma imo kwenye kazi zake. Gari la kunizungusha kutoa hiyo elimu ndilo sijaliona. Siku gari likipatikana, limepatikana kwa ajili ya ukaguzi, kwa sababu ukaguzi unaleta makusanyo. Hiyo ni siri ya wazi.

Na Spana hata akinipigia leo nije kama rafiki, nikakuta oili mtaroni nikaondoka bila kuandika, siku jirani akilalamika faili linaniangukia mimi. Ningependa niwe kama hao wa Massachusetts. Sheria yangu haijanipa mlango huo.

Kinachowezekana ni hiki. Msiite mmoja mmoja. Kaeni wenye gereji wa mtaa mzima, andikeni barua kwa mtendaji wa kata, ombeni kikao cha elimu. Kikao kinafanyika ofisi ya kata, si uani kwa mtu, hivyo hakuna anayekaguliwa. Nitakuja mimi au mwenzangu na hatutabeba kitabu.

La pili, oili chafu kisheria ni taka hatarishi. Yule anayekuja na pikipiki kununua dumu, muulize kibali. Akisema kiko nyumbani, basi hana. Pia wauza vyuma chakavu wanaokununulia betri, angalia wasije wakamwaga maji ya betri hapohapo kwako ili kupunguza uzito. Mna tabia ya kuwaachia.

Wanaotiririsha mtoni moja kwa moja wakumbuke kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, makao yake Moshi, na kumwaga majitaka kwenye mto kunahitaji kibali. Kwa ufundi, SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo tangu 1973 na mikoa yote miwili ina ofisi zake. TEMDO wapo Arusha hapahapa, kazi yao ni kubuni mitambo. Dar kulianzishwa Kituo cha Uzalishaji Safi mwaka 1995 kwa mkono wa UNIDO na UNEP, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya viwanda na mazingira, kuingia viwandani kuonyesha upotevu ulipo, yaani hasa unachokililia. Lakini Dar ni Dar na wewe una vijana sita.

Mchicha Lemara

Afisa, kifungu cha 4 cha hiyohiyo sheria kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Nami naishi Tanzania, nafikiri. Hicho kikao wa huku chini tunaalikwa, au ni cha wachafuzi peke yao?

Afisa Kimya

Mnaalikwa. Ningekuwa wewe ningekuja na hiyo keni.

Mangi wa Buni

Naona gereji tu, niseme kidogo ya Moshi. Chama chetu cha msingi kina mashine ya kukoboa kahawa mbivu, kule juu kidogo ya barabara. Watu wanadhani maji ya kahawa ni ya matunda tu, hayana neno. Kilo 100 za buni mbivu zinaacha kilo kama 40 za maganda, na ule utelezi ni sukari tupu. Ukiingia kwenye mfongo, yaani mfereji wetu wa asili, unachacha, unageuka uchachu, unamaliza hewa ya maji, na harufu yake mtu wa bondeni anakujua hata hajakuona. Sisi tuligombana na kijiji cha chini misimu mitatu mfululizo, wazee wa mfongo wakatufungia maji kabisa katikati ya Oktoba. Hatukupigwa faini na mtu. Tulifungiwa maji.

Tukanyooka wenyewe. Maganda sasa yanatoka bila kusukumwa na maji, yanabebwa kwa toroli hadi kwenye shimo la mboji, migomba inajua. Maji ya kukobolea yanazungushwa kutwa nzima badala ya kuyaacha yapite, na ya mwisho yanaingia kwenye mashimo yanywee ardhini, mbali na mfereji. Tulichouliza kitaalamu tulikiuliza TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungo, si mbali.

Kwa hiyo Spana, huyo Mchicha ndiye afisa wako hasa. Mpe namba yako ya simu.

Batiki Njoro

Jamani na sisi wa batiki? Niko Njoro, Moshi. Maji yangu yanatoka bluu, watoto wa jirani wanachekelea mtaro.

Fundi Bomba Mstaafu

Mama, unapima rangi kwa mizani au kwa jicho?

Batiki Njoro

Kwa kijiko baba, tena cha kujaza.

Fundi Bomba Mstaafu

Ndio bluu hiyo. Inayozidi kitambaa hakiishiki, inakwenda mtaroni na hela yako. Pima kwa mizani ya jikoni, uandike. Anza vitambaa vya rangi nyepesi, umalizie vya rangi nzito kwenye beseni lilelile kabla hujalimwaga. Nta ikitoka kwa maji ya moto, subiri ipoe, inaganda juu kama mafuta ya supu. Iengue, chuja, tumia tena. Kostiki usiishike bila glovu. SIDO wanafundisha batiki, wakumbushe wafundishe na hili la maji.

Chalii wa Ngarenaro

Swali la hela. Sisi machalii tunaoosha magari barabarani, hizo chemba tatu tunajengea nini? Pale tulipo hata si petu.

Afisa Kimya

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, mkopo hauna riba. Jiungeni kikundi, msajiliwe. Nimesoma maandiko mengi ya kuomba bodaboda na kuku. La kuomba chemba ya kutenga oili sijawahi kuliona, nadhani kamati itashtuka ikupe. Suala la eneo ni kweli, hilo malizeni na mtendaji kwanza.

Spana 14

Wakuu, nimerudi. Wiki ya saba tangu nifungue uzi.

Kikao kilifanyika. Tuliokuja ni gereji nane. Mchicha Lemara alikuja kweli, mama wa makamo, ana kitenge na mabuti ya shamba. Hakusema mengi. Aliitoa keni kwenye mfuko wa salfeti akaiweka mezani mbele ya mtendaji, akaizungusha polepole watu wote tuuone ule mstari. Kuna fundi mmoja mbishi sana mtaani kwetu, huyo aliinama akaukwaruza kwa kucha, akanusa, akasema, "Hii ni ya gia boksi." Kicheko kikazuka, lakini baada ya hapo hakuna aliyebisha.

Sakafu yangu haijaguswa na mpira wa maji mwezi mzima. Vumbi la mbao tunatumia gunia moja kwa wiki. Mafuta ya taa nilikuwa nanunua lita 20, sasa 8. Chemba zimeisha Alhamisi: saruji mifuko mitano, tofali, elbo mbili, na fundi siku tatu. Mzee Bomba alikuja na mbuzi mmoja kwenye pikapu (alikuwa anampeleka mnadani), akanivunjisha bomba la kwanza kwa sababu elbo ilikuwa fupi. Mnunuzi wa oili tumempata mwenye kibali, anakuja mara moja kwa mwezi kwa gereji zote, hivyo hata bei imepanda kidogo.

Nilichota nusu lita kwenye chemba ya tatu. Si maji ya kunywa, ila chupa unaona upande wa pili.

Mchicha Lemara

Hongera baba. Mstari kwenye keni bado upo. Kwenye huo mtaro wenu mko gereji ngapi?

Spana 14

Kumi na moja. Waliojenga ni wawili mpaka sasa, wanne wameanza ufagio. Jumamosi tunaingia kwa yule mbishi wa gia boksi, kaita mwenyewe. Mzee Bomba anasema anataka nauli ya Hiace tu.

Fundi Bomba Mstaafu

Na chai. Na asiweke saruji kabla sijafika.